Hiki Kijiti Mwakipeleka Wapi?

Shangazi hakuuliza kama itauma. Hakuuliza bei, na yeye ni mtu wa kuuliza bei hata ya kitu cha bure. Alitoka nyuma ya pazia buibui limekaa sawasawa, kijiti chenye brashi laini mfano wa brashi ya wanja amekishika kwa ncha za vidole viwili, akasimama mbele ya sista.

"Hiki kijiti, mwanangu, mwakipeleka wapi?"

"Maabara, mama."

"Maabara ya wapi?"

"Ya hospitali kubwa."

"Halafu?"

"Halafu wanapima, wanatuletea majibu."

"Sikuuliza majibu. Nimeuliza kijiti."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walinyamaza wote. Sista, binti wa miaka ishirini na kitu hivi, akanigeukia mimi kutaka msaada. Nafundisha bayolojia sekondari, huu mwaka wa 14. Sikuwa na la kumsaidia.

Tulikuwa tumefika pale kwa sababu mhudumu wa afya ya jamii alipita mtaani kwetu Kibokoni, Mombasa, nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi, bila malipo. Shangazi ana miaka 58. Kila alasiri huketi barazani kwake na karai la viazi na la bhajia za kunde, na nusu ya mtaa wanamdai chenji. Hakuwahi kupimwa hata siku moja. Nilimsihi wiki nzima, na mwisho alikubali kwa sharti kwamba mimi nitangulie nione kama watu wanatoka wazima.

Nilitangulia. Mimi nilipimwa kwa siki.

Naam, siki. Ile ya dukani huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 4 au 5, na kipimo hiki hutumia asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo tofauti ya chupa ya jikoni na ya kliniki ni lebo na usafi. Sista alichovya pamba, akapaka, akasema tungoje kama dakika moja. Seli zilizoanza kuharibika huwa na kiini kikubwa na protini zilizosongamana. Asidi ikizigusa, protini zile huganda kwa muda na mahali pale hugeuka peupe, kama maziwa yanavyokatika ukiyakamulia ndimu. Seli nzima hubaki na wekundu wake wa kawaida. Hapahitajiki mashine yoyote: taa, siki, na jicho lililofunzwa. Nilipomweleza Shangazi, aliyekuwa upande wa pili wa pazia akisubiri zamu, alipaza sauti: "Siki ya achari?" Nikamwambia hiyo hiyo. "Basi na mimi nipakeni."

Lakini siki haikumfaa. Pale kwenye mlango wa kizazi zinakutana seli za namna mbili. Za nje ni bapa, zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati za kusukuma. Za ndani ni ndefu, zimesimama safu moja bega kwa bega. Saratani nyingi za mahali hapo huanzia mpakani, zinapopakana hizo mbili. Mwanamke akishakoma hedhi, mpaka ule hurudi juu ndani ya mfereji, na jicho haliufikii tena. Kwa mtu wa rika la Shangazi ni afadhali kutafuta DNA (chembe za urithi) ya virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hii, na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kipimo hicho kiwe ndicho cha kwanza kwa wanawake kuanzia miaka 30. Tena sampuli mtu anaweza kujichukulia mwenyewe. Hilo ndilo lililomlainisha. Alipewa kijiti, akaelekezwa, akaenda nyuma ya pazia peke yake na heshima yake. Akatoka na swali.

Swali lile lina mizizi. Nyanya yetu, mamake, alikuwa akikata kucha siku ya Ijumaa, anazikusanya kwenye kitambaa na kuzifukia uani penye mkomamanga. Nywele zilizonasa kwenye kitana hazikutupwa ovyo hata kidogo. Ukimwuliza sababu, asubuhi atakwambia ni adabu ya dini, jioni atakwambia kuna watu wabaya. Zote mbili zilikuwa kweli kwake. Kilichotoka mwilini mwako bado ni wewe, na mtu hajui kitaangukia mkononi mwa nani.

Sasa ona kinyume chake. Watu hao hao wanajisugua kwa dodoki kila siku, bi harusi anasingwa kwa singo siku kadhaa mpaka ngozi inang'aa, na maji yanateremka na mamilioni ya seli kuelekea mtaroni na hakuna anayekimbilia jembe. Kucha haina hata seli hai ndani yake. Ile brashi ya Shangazi ndiyo ilikuwa na seli nzima, kila moja na DNA yake kamili. Kwa maana hiyo yeye, bila kujua, alikuwa ameuliza mahali pake hasa.

Neno lenyewe la seli hizi zinazoufunika mwili nje na ndani hunipa taabu darasani. Vitabu vyetu vya bayolojia ni vya Kiingereza, mwanafunzi hulikariri kama jina la dawa. Mimi husema epithelia, kisha nawaambia wafikirie utando: chemsha maziwa, yaache yapoe, kile kinachokaa juu. Mfano una walakini, maana utando wa maziwa hauna uhai, lakini unampa mtoto pa kushika. Aliyelitunga neno ni Frederik Ruysch, mtaalamu wa anatomia wa Uholanzi, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya chuchu." Nilikosea kumwambia Shangazi hilo. Sasa kila nikitaja epithelia huangalia pembeni na kusema astaghfirullah, huku anacheka.

Utando huu ndio unaofunika ngozi, mdomo, koo, mapafu ndani, tumbo, utumbo, mirija ya figo, kibofu, kizazi, na uso wa jicho. Seli zake hazikai ovyo. Zimeshikana kama mkeka wa ukindu: fundi husuka ukili mwembamba mrefu, kisha hushona ukili kwa ukili, na mshono ukikazwa vizuri hata mchanga haupenyi. Mshono wa seli nao una nyuzi zake. Mwaka 1998 maabara ya Shoichiro Tsukita huko Kyoto ilizitambua protini zinazoushikilia, ikaziita klaudini, kutoka neno la Kilatini la kufunga. Kuna za kukaza kabisa na kuna zinazoachia chumvi fulani zipite. Na kila seli inajua juu yake na chini yake: upande mmoja unatazama nje, penye chakula, hewa na vijidudu, upande wa pili unatazama damu. Milango ya upande huu siyo ya upande ule.

Ndiyo maana watafiti hawabanduki hapa. Chochote kitakachokuingia, kiwe dawa, sumu, wali au virusi, lazima kwanza kisalimiane na utando huu. Na kwa kuwa unachakaa na kujijenga upya bila kupumzika (wa utumbo hubadilika wote kwa siku nne au tano hivi, Ijumaa hadi Ijumaa huna ule ule), makosa ya kunakili DNA nayo hujirundika. Kati ya saratani 10 za binadamu, nane au tisa zinaanzia kwenye seli za epithelia.

Kipimo cha Pap, cha kutafuta saratani ya mlango wa kizazi kwa hadubini, kilizaliwa kwa seli zilizobanduka zenyewe. George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyehamia New York, alianza na panya wa Guinea, kisha akahitaji sampuli za mwanamke, nyingi, kwa muda mrefu. Mkewe, Andromache, alikubali. Kwa miaka mingi alitoa sampuli zake mwenyewe, na sehemu kubwa ya alichojua yule bwana kuhusu seli za kawaida zinavyoonekana kwenye kioo cha hadubini ilitoka kwake. Mwaka 1928 alitangaza kwamba seli za saratani zinaweza kuonekana kwenye ute uliopanguswa tu. Wenzake hawakumjali. Ilibidi ingoje hadi miaka ya 1940, alipoandika pamoja na Herbert Traut, ndipo kipimo kikashika. Jina la kipimo ni la mume, kama ilivyo ada.

Kisababishi kilichelewa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walivipata virusi vya HPV namba 16 na namba 18 ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hii. Ujanja wa virusi hivi ni wa kimya. Vinangoja mkwaruzo mdogo, vinashuka hadi tabaka la chini kabisa ambako seli bado zinagawanyika, halafu vinapanda taratibu pamoja na seli zinapopanda kwenda kubanduka. Haviingii kwenye damu wala havileti homa, kwa hiyo kinga ya mwili mara nyingi inachelewa kushtuka. Watu wengi huvifukuza baada ya mwaka au miaka miwili. Kwa wachache vinabaki, na protini zao mbili zinawafunga mikono walinzi wawili wa seli, wale ambao kazi yao ni kuizuia isigawanyike ovyo. Baada ya hapo ni miaka 10, 15, hata 20 ya utulivu.

Kenya ilizindua chanjo dhidi yake Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, na uzinduzi ulifanyika hapa Mombasa. Nakumbuka vizuri kwa sababu wazazi waliniandama. Ati chanjo itafunga kizazi. Baba mmoja, mtu mzima mwenye duka Mwembe Tayari, aliniuliza mbona wasichana tu, kama ni nzuri. Swali la haki, kwa kweli. Kuna nchi zinachanja wavulana pia. Nilimjibu kwamba dozi hazikutosha wote na anayekufa kwa mlango wa kizazi ni mwanamke. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Sijui kama alikubali. Bintiye alichanjwa.

Usiku wa Jumamosi ile nilikwenda kwa Shangazi kumenya viazi, na kumjibu. Nilimwambia kuhusu Henrietta Lacks.

Mwanamke mweusi wa Marekani, mama wa watoto watano, ametoka kwenye mashamba ya tumbaku. Mapema 1951 aligundulika ana uvimbe kwenye mlango wa kizazi katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Wakati wa matibabu wakamkata kipande kidogo cha uvimbe ule, kikaenda kwenye maabara ya George Gey. Gey alikuwa amehangaika miaka akijaribu kuotesha seli za binadamu nje ya mwili, na zote zilikuwa zikifa. Hizi hazikufa. Ziliongezeka maradufu kwa siku moja, na kesho yake tena. Henrietta mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule, ana miaka 31. Seli zake, kwa jina la HeLa, zinaendelea kugawanyika hadi unaposoma hapa.

"Walimwuliza?" Shangazi aliweka kisu chini.

"Hawakumwuliza."

"Wanawe je?"

"Walikuja kujua miaka zaidi ya 20 baadaye, watafiti walipowafuata kuwatoa damu."

Nikamhesabia zilikopita. Chuo cha Tuskegee, chuo cha watu weusi, kilizizalisha kwa wingi ili kupimia chanjo ya polio ya Jonas Salk. Zilisafirishwa kwa posta kama barua. Na zur Hausen na timu yake walipochungulia ndani ya HeLa walivikuta virusi namba 18 vimejipachika kwenye DNA: kile kilichomwua Henrietta kilikuwa bado kimo ndani yake, kikisubiri kusomwa. Kwa namna fulani chanjo ya wasichana wangu wa darasani imepitia kwa yule mama. Ni mwaka 2023 tu ndipo familia yake na kampuni ya Thermo Fisher Scientific walipopatana nje ya mahakama kuhusu faida iliyotokana na seli hizo, na masharti yao ni siri.

"Kaburi lake liko wapi?"

Kwa watu wetu hilo ndilo swali. Nikamwambia liko kijijini kwao, Clover, Virginia, na lilikaa bila jiwe la jina hadi 2010.

Alimenya viazi vitatu vizima bila kusema neno. "Basi huyo hajazikwa mzima," akasema.

Nitatoka kidogo nje ya njia, maana jambo hili wanafunzi wangu hulipenda. Seli za HeLa zina nguvu mpaka zimekuwa wezi. Tone moja likirukia chombo cha jirani, baada ya muda jirani anakuwa HeLa bila mwenyewe kujua. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli zilizodhaniwa ni tofauti zote zilikuwa na namna moja ya kimeng'enya (protini ya kuendesha kazi ndani ya seli) cha G6PD, namna inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ilhali baadhi ya hizo zilisemekana zimetoka kwa Wazungu. Hicho ni kimeng'enya kile kile ambacho madaktari wa Pwani hukiuliza kabla ya kukupa dawa fulani za malaria. Watu walikuwa wamefanya utafiti wa miaka juu ya seli ambazo sizo. Kuna waliokasirika kuliko walivyoshukuru.

HeLa si peke yake. Mwaka 1958 Wamarekani Madin na Darby walichukua seli za figo ya mbwa, na hadi leo seli hizo ndizo kipenzi cha wanaosoma juu na chini ya epithelia, na kuna chanjo ya mafua inayooteshwa humo. Mwaka 1962, Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, Yasumura na mwenzake walichukua figo ya nyani mdogo wa kijani wa Afrika, ndugu wa tumbili hawa wanaotuibia mkate Nyali. Wakaziita Vero, kifupi cha "figo ya kijani" kwa Kiesperanto, na neno hilo katika lugha hiyo maana yake pia ni ukweli. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa hukuzwa kwenye Vero. Kwa hiyo mtu aliyeng'atwa na mbwa Likoni anaokolewa na figo ya jamaa wa tumbili. Shangazi alitaka kujua kama chanjo hiyo ina nyama ya tumbili. Haina: seli huondolewa, wanabaki virusi waliouawa.

Mimi nina shaka na maabara katika jambo moja. Seli ya epithelia ukiimwaga kwenye sahani ya plastiki inakaa kama mtu aliyelazwa sakafuni nyumba ngeni: iko hai, lakini hajui kibla ni wapi. Haina hewa juu, haina damu chini. HeLa zenyewe zina kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, sabini na zaidi badala ya 46. Unachojifunza humo ni kweli, ila ni ukweli wa sakafuni. Hivyo nafurahia mbinu ya vikombe vyenye kitako cha chujio, kama kifumbu cha kuchujia tui: seli zinakaa juu ya wavu, chakula kinakuja kwa chini, juu kunaachwa hewa, na seli za koo huota vinyweleo na kuanza kupeperusha makohozi kama zilivyozaliwa kufanya. Hatua nyingine ilikuwa 2009, Toshiro Sato katika maabara ya Hans Clevers, Uholanzi, alipochukua seli shina moja, ile inayozaa nyingine, ya utumbo wa panya na kuiacha ijijenge. Ikajijenga utumbo mdogo wenye vijishimo vyake, mkubwa kama chembe ya mchanga. Kwa vijitumbo vya namna hiyo, vya binadamu, ndiyo 2016 timu ya Mary Estes huko Houston iliweza kuotesha norovirusi, virusi vya kutapisha na kuharisha, baada ya miongo ya wanasayansi kushindwa. Baadhi ya aina zake zilikataa mpaka zilipotiwa nyongo. Kumbe vilikuwa vinataka nyumbani kwao kama kulivyo.

Utumbo ndio unaonivuta zaidi, na hapo Shangazi ana cha kunifundisha.

Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, vyoo vilifurika, visima vikachafuka, kipindupindu kikaingia. Mwanawe wa pili alikuwa na miaka mitatu. Anasimulia hivi: asubuhi mtoto anacheza, adhuhuri macho yamezama, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Jirani mmoja akamwambia chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai visawazishe, chumvi nusu kijiko. Alimnywesha kwa kijiko usiku kucha. Akitapika, anangoja kidogo, anaanza tena. Mtoto huyo sasa ni kuli bandarini, ana mabega kama mlango.

Miaka yote alidhani sukari ilikuwa ya kumtia mtoto nguvu.

Vijidudu vya kipindupindu haviubomoi utando wa utumbo. Vinaushika tu na kutoa sumu inayoibana seli mpaka milango yake ya kloridi inakaa wazi haifungiki. Chumvi inamiminika nje, maji yanaifuata, na kwa mgonjwa mahututi inaweza kufika lita nzima kwa saa. Ukimpa maji matupu hayasaidii, chumvi peke yake haisaidii. Lakini mwaka 1960, huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba seli hizi zina mlango mwingine, ambao glukosi na sodiamu huingia wameshikana mikono. Mmoja akija peke yake mlango haufunguki. Wakija pamoja unafunguka, na maji yanaingia nyuma yao. Kipindupindu hakiugusi mlango huo. Sukari ya Shangazi ilikuwa ufunguo.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilisukuma wakimbizi kwenye kambi za Bangaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa watu mchanganyiko wa chumvi na glukosi wanywe, ndugu wa mgonjwa ndio wakiwanywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Jarida la madaktari la Lancet mwaka 1978 liliandika kwamba ugunduzi wa mlango huu huenda ndio hatua muhimu kuliko zote za kitabibu katika karne ile. Nilipomweleza, Shangazi aliuliza kuhusu madafu, kwa kuwa hapa kila maradhi yana dafu lake. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo mno kwa kipindupindu. Hakupenda jibu hilo.

Ngozi nitaipitia haraka, ingawa mkononi mwake pana kovu la mafuta ya karai linalostahili makala yake. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, Marekani, walifaulu kuotesha seli za ngozi ya binadamu mpaka zikafanya shuka. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili waliokolewa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka vipande vidogo vilivyosalia. Na 2015, Bochum, Ujerumani, mvulana mkimbizi kutoka Syria mwenye miaka saba, ambaye ngozi yake ilikuwa ikibanduka kwa maradhi ya kurithi, alifunikwa upya asilimia 80 ya mwili kwa seli zake mwenyewe, baada ya timu ya Michele De Luca ya Italia kuzirekebisha jeni. Shangazi alilitazama kovu lake, akalishushia mkono wa nguo.

Na si lazima mtu aende ughaibuni kuona kazi hii. Mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa, Kilifi, kituo cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, kinafanya utafiti tangu 1989, na miongoni mwa wanachokifuatilia miaka mingi ni RSV, virusi vinavyovamia utando wa njia za hewa za watoto wachanga na kuwabana kifua. Huko fomu za ridhaa husomwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na mzazi ana haki ya kuuliza sampuli itatumikaje na itakaa wapi. Yaani lile swali la benchini, limeandikwa na kupigwa muhuri. Sisi kwa upimaji wa kawaida tulitia sahihi karatasi bila kuisoma. Mimi pia, mwalimu.

Majibu yalikuja wiki ya sita. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa siku ile ile kwamba sikugeuka peupe popote. Shangazi alipigiwa simu alasiri, mikono imejaa unga, akaniambia niweke sauti kubwa. Sista ni yule yule. Akasema hakuna virusi, mama, alhamdulillahi, urudi baada ya miaka mitano.

"Ahsante mwanangu. Na kile kijiti?"

Sista alicheka, safari hii alikuwa amejiandaa. "Nimekuulizia, mama. Wakishapima vinakwenda kwenye tanuri, vinachomwa na taka nyingine za hospitali. Hakuna kinachobaki."

Nilidhani atashusha pumzi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka sista akauliza kama simu imekatika. Aliposhukuru na kuniashiria niikate, alichovya kiazi kwenye rojo la unga, akakiangalia.

"Kumbe hata hawakukitaka," akasema, akakiangusha kwenye mafuta.